Kupima na Kutwanga Mawe ya Dhahabu Pasipo Kuharibu Mapafu

Labda umerudi kutoka mlimani na jiwe mfukoni. Ulilipasua, na ndani yake ukaona kitu kinachong'aa, rangi ya manjano. Ulilifunga katika kitambaa, wala hukumwonyesha jirani yako. Sasa wataka kujua kama ni dhahabu. Na kama ni dhahabu, wataka kulitwanga usiku huu huu, nyumbani, mlango umefungwa na watoto wamelala.

Ngoja kidogo, soma kwanza maneno haya. Hatukuyaandika ili kukukataza kazi yako. Twaijua nchi ya Fizi. Twajua ya kuwa watu wa Baraka na wa vijiji vya kando ya ziwa, wakati ndagala wamekosekana au muhogo umeharibika shambani, hushika njia ya Lulimba kwenda Misisi na Lubichako kutafuta dhahabu. Watoto wengi wamesomeshwa kwa dhahabu hiyo, na mabati ya nyumba nyingi yametoka huko. Lakini sisi tunaofanya kazi katika wodi twaona jambo ambalo mnunuzi wa dhahabu halioni katika mizani yake. Twaona kifua cha mtu aliyetwanga.

Nakumbuka baba mmoja, hajafika miaka arobaini. Alikuwa amekwisha kumeza dawa za kifua kikuu mara mbili, mahali pengine, naye hakupona. Usiku hakuweza kulala chali. Alikaa kitandani akiinamia mto, mabega yakipanda na kushuka. Nilimwuliza, “Baba, kazi yako ni nini?” Akajibu, “Natwanga mawe, munganga. Mwaka huu ni wa tisa.” Katika safari zake zote hakuna mtu aliyemwuliza neno hilo, naye hakudhani lina maana. Kisha akaniuliza ni dawa gani itakayoondoa kile kilichomo kifuani. Ilinipasa kumwambia kweli, ya kuwa dawa ya kukiondoa haipo.

JIWE LINALONG'AA

Tuanze na jiwe lako. Mawe mengi yanayong'aa si dhahabu, na mtu hodari aweza kuyatambua kabla ya kuinua nyundo kubwa. Yafaa ujue hivyo, kwa sababu kila jiwe usilolitwanga bure ni vumbi ambalo hukulivuta.

Vitu viwili huwadanganya watu zaidi. Cha kwanza ni ulanga, ule ulio kama magamba membamba ya samaki, unaometameta katika mchanga wa mto. Cha pili ni piriti, jiwe la chuma na kiberiti, lenye rangi ya manjano ya shaba na pembe kama za vijisanduku vidogo. Watu wa nchi nyingi huiita piriti dhahabu ya wajinga, na hilo si tusi kwa mtu mmoja, maana imewadanganya hata wenye elimu.

Lishike jiwe juani, kisha ligeuze polepole, halafu lipeleke kivulini. Dhahabu hukaa na rangi yake ya manjano kila upande, juani na kivulini. Ulanga na piriti huwaka na kuzimika kadiri unavyogeuza. Sasa chukua sindano, ukichome kile kipande kinachong'aa. Dhahabu ni laini, sindano itaacha alama ndani yake kama katika risasi ya kuvulia. Ulanga utabanduka magamba. Piriti itakataa sindano, haitaingia.

Kama kipande kimetoka katika jiwe, kiweke juu ya chuma na kukigonga taratibu kwa nyundo ndogo. Dhahabu hulala na kuwa bapa, haivunjiki. Piriti husagika kuwa unga mweusi, na pengine hutoa cheche na harufu ya kiberiti. Kuna njia nyingine niipendayo, kwa kuwa haihitaji nyundo. Geuza kikombe cha kaure, utazame ukingo wa chini uliokwaruza, usio na mng'ao. Sugua kipande chako hapo. Dhahabu huandika mstari wa manjano. Piriti, ingawa yenyewe ni ya manjano, huandika mstari mweusi au wa kijani cheusi. Majaribio haya hayana gharama, wala hayakupunguzii pumzi.

Lakini yako majaribio mawili yasiyofaa nyumbani. Watu wengine humwagia jiwe asidi ya nitriki. Asidi hiyo huchoma ngozi na macho, na ikigusa madini hutoa moshi wa rangi ya kahawia. Mtu huuvuta, hukohoa kidogo, hujiona mzima, hula chakula chake. Kisha baada ya saa kadhaa mapafu hujaa maji, naye huletwa kwetu usiku akiwa taabani. Wengine hutia jiwe motoni ili lipasuke upesi. Mawe ya dhahabu mara nyingi yana arseniki ndani yake, nayo ni sumu. Ukiona moshi mweupe, au ukisikia harufu kama ya kitunguu saumu, ondoka hapo upesi pamoja na watu wote, usirudi kuchungulia.

KILO MOJA KWANZA

Waweza kuuliza, “Dhahabu yetu haionekani kwa macho. Imefichwa ndani ya jiwe jeupe, tutaijuaje tusipotwanga?” Umesema kweli. Dhahabu nyingi ya milimani hukaa katika jiwe gumu jeupe liitwalo kwatzi, nayo ni midogo kuliko chembe za chumvi. Basi hapo lazima kutwanga. Lakini twanga kilo moja tu, si magunia ishirini.

Twaa mawe madogo kutoka pande mbalimbali za mshipa, ule wachimbaji wetu wanaouita filoni. Chukua yanayopendeza na yasiyopendeza. Ukichagua mazuri peke yake wajidanganya mwenyewe. Yachanganye, upime kilo moja kwa mizani ya dukani, uyatwange yakiwa na maji kama nitakavyoeleza, kisha uoshe unga wake katika karai. Dhahabu ni nzito mara 19 kuliko maji. Jiwe jeupe halifiki mara 3, na piriti ni mara 5 hivi. Ndiyo sababu mchanga hutoka na maji, na dhahabu hubaki nyuma katika pindo la karai, pamoja na ule mchanga mweusi. Mchanga mweusi mwingi hushikwa na sumaku, ukiisha kukauka.

Sasa tufanye hesabu. Jiwe lenye gramu 10 za dhahabu katika tani moja ni jiwe zuri, makampuni makubwa hulifurahia. Tani ni kilo 1,000. Kwa hiyo kilo yako moja ya jiwe hilo zuri ina sehemu moja ya mia ya gramu. Ukiikusanya yote pamoja ni punje moja ya duara yenye upana wa milimita 1. Gunia la kilo 50 lina nusu gramu, tena kwa mkono hutaipata yote. Kama kilo moja imekuonyesha kichembe kimoja unachokitafuta kwa taabu, jua kwamba jiwe lako ni maskini sana kuliko hilo. Gunia zima halitalipa chakula cha watwangaji, sembuse afya yao. Ni kweli kwamba dhahabu nyingine ni ndogo mno, au imefungwa ndani ya piriti, nayo haionekani katika karai. Lakini dhahabu ya namna hiyo hata ukitwanga mwezi mzima kwa mchi hutaitoa.

Nimewaona akina mama waliolipwa kwa sahani moja ya unga wa mawe, bila kujua kama unga ule una kitu. Huko Kamituga, katika nchi jirani ya Mwenga, kazi hiyo imeshikwa na wanawake muda mrefu hata Kifaransa kimekopa neno letu la kutwanga, nao huitwa “twangaise”. Mama, usione haya kumwambia mwenye shimo, “Tupime kilo moja kwanza.”

VUMBI NI KITU GANI

Mtu hudhani vumbi baya ni lile linaloonekana, linaloingia machoni na kufanya nyusi kuwa nyeupe. Lile hunaswa puani na kooni, nawe hulitema. Vumbi linaloua ni lile usiloliona. Chembe zake ni ndogo kuliko unene wa unywele, mara kumi hivi na zaidi. Hizo hupita puani, hupita kooni, hufika mwisho kabisa wa mapafu, katika vile vifuko vidogo ambavyo hewa huingilia katika damu.

Askari wa mwili huja kuzila, kama wanavyokula vijidudu. Lakini hili ni jiwe. Askari hufa, chembe hubaki, wengine huja nao hufa. Mahali hapo hufanyika kovu. Umewahi kuona kovu la kuungua moto, jinsi ngozi inavyokuwa ngumu isiyovutika? Mapafu yakijaa makovu namna hiyo hayawezi kupanuka tena. Ugonjwa huu huitwa silikosi, kwa sababu ya silika iliyo ndani ya kwatzi. Kwa kawaida huchukua miaka kumi au zaidi kuonekana, lakini penye vumbi jingi, kama ndani ya chumba kilichofungwa, huja upesi zaidi. Nao waweza kuendelea hata baada ya mtu kuacha kazi.

Kuna na jambo la pili. Mapafu yenye silika hushikwa na kifua kikuu kwa urahisi kuliko mapafu mazima. Hivyo mtwangaji aweza kuwa na silikosi peke yake, au kifua kikuu peke yake, au yote mawili pamoja, na kikohozi ni kile kile. Tena mwaka 1997 wataalamu wa saratani wa shirika la afya la dunia waliiandika silika ya vumbi katika orodha ya vitu viletavyo saratani kwa wanadamu.

Usidhani haya ni maneno ya wazungu juu ya wazungu. Wachimba dhahabu wa Afrika Kusini, na wale waliotoka Lesotho na Msumbiji kwenda kufanya kazi huko, waliugua kwa maelfu. Walipeleka mashtaka, na mwaka 2019 mahakama ya Johannesburg ilikubali mapatano ambayo makampuni sita yaliahidi randi bilioni 5 kwa wagonjwa na wajane. Wewe unayetwanga nyuma ya nyumba yako huna kampuni ya kushtaki.

NAMNA YA KUTWANGA

Neno kubwa ni maji. Jiwe lililolowa halitoi vumbi jingi. Mimina maji juu ya mawe kabla ya kuyagonga, na tena kila mara yanapoanza kukauka. Ukivunja mawe makubwa kwa nyundo, yatie kwanza ndani ya gunia lililolowa, ugonge juu ya gunia; vipande havirukii macho, na vumbi hubaki ndani. Katika kinu cha chuma tia maji mpaka unga uwe kama uji mwepesi, kisha twanga. Funika mdomo wa kinu kwa kitambaa kilicholowa chenye tundu la kupitisha mchi.

Akina mama wameniambia, “Munganga, maji yako mbali, na unga wenye maji hupigika polepole.” Najua. Ni kweli kwamba kazi huchelewa. Lakini bidoni moja yatosha siku nyingi, maana maji hayo hutumika tena. Yaache yatulie usiku, tope litashuka chini, asubuhi uyatumie yale ya juu. Usiyanywe wala usipikie, wala usiwape mbuzi.

Fanya kazi nje, mahali pa wazi, si jikoni wala chini ya kibanda cha turubai. Kaa upepo ukupitie ubavuni, usikupige usoni. Huku Baraka upepo wa ziwa hubadilika mchana, basi nawe badilika nao. Kitambaa ulichofunga puani huzuia vumbi kubwa tu. Lile dogo hupita katikati ya nyuzi kama dagaa katika wavu wa sangala. Maski za kazi zilizotengenezwa kwa vumbi dogo husaidia, zikibana vizuri usoni. Ukiipata, ivae, lakini usiache maji kwa sababu unayo. Penye mashine ya kusaga mawe hatari ni mara nyingi zaidi. Mwenye mashine aweke mfereji mdogo wa maji mdomoni mwake, na asiye na kazi hapo asisimame hapo.

Kipande cha jiwe kikiingia jichoni usisugue. Osha kwa maji safi mengi. Kisipotoka, funika jicho uje hospitalini siku hiyo hiyo.

MTOTO NA KINU CHA SOMBE

Hapa nitasema kwa ukali kidogo. Usitwange mawe katika kinu cha sombe. Usitwange ukiwa na mtoto mgongoni. Usikaushe unga wa mawe juu ya mkeka ambao watoto hulalia, wala usipepetee uani.

Mwaka 2010 katika jimbo la Zamfara, kaskazini mwa Nigeria, watoto walianza kufa kwa degedege. Kwanza ilidhaniwa kuwa ni malaria. Madaktari wa Médecins Sans Frontières walipochunguza damu waliona imejaa risasi, yale madini ya sumu. Imetoka wapi? Baba zao walikuwa wameleta mawe ya dhahabu nyumbani, wakayasaga kwa mashine za kusaga nafaka, ndani ya nyua zao. Mawe yale yalikuwa na risasi nyingi. Vumbi lilienea katika udongo ambao watoto walichezea, wakitia mikono kinywani kama watoto wote wafanyavyo. Wadogo kama 400 walikufa. Vijiji vilipaswa kukwanguliwa udongo wake wa juu kabla watoto waliopewa dawa hawajarudi.

Si kila jiwe lina risasi. Lakini jiwe halikuambii. Kwa hiyo mahali pa kutwangia pawe mbali na nyumba na kisima. Kabla ya kurudi, nawa mikono, uso na kichwa, uvae nguo nyingine. Nguo za kazi usizikung'ute, zitie majini zikiwa na vumbi lake. Kisha mchukue mtoto wako.

Juu ya zebaki nitasema machache, maana ni habari ya kijitabu kingine. Baada ya kutwanga, wengine huichanganya na unga ili inase dhahabu, kisha huchoma donge jikoni. Moshi wake hauna rangi wala harufu. Huingia mwilini, huleta kutetemeka kwa mikono, hasira zisizo na sababu, kusahau, na ugonjwa wa figo, nao humfikia mtoto aliye tumboni. Mwenye mimba asikae hapo hata kidogo. Donge lisichomwe ndani ya nyumba wala katika sufuria ya chakula. Viko vyombo vya chuma vilivyofungwa ambavyo hukusanya moshi na kuurudisha kuwa zebaki. Mwenye shimo aweza kuvinunua, naye hupata faida, kwa kuwa zebaki yake haipotei hewani.

UKIJA HOSPITALINI

Njoo mapema. Kama kikohozi kimepita wiki mbili, kama unapungua mwili, unatoka jasho usiku, unatema damu, au kilima ulichokipanda mwaka jana bila kupumzika sasa chakusimamisha mara mbili, usingoje msimu uishe. Tutapima makohozi. Kama ni kifua kikuu, dawa zake hutolewa bila malipo, nazo huponya, mradi umeze zote kwa miezi sita, hata ukiwa Misisi. Mwombe muuguzi karatasi ya kuendelea na dawa katika kituo cha huko. Kama ni silikosi, hatuwezi kuondoa makovu. Twaweza kutibu kifua kikuu kinachoifuata, kukusaidia uache tumbaku inayozidisha shida, na kukuambia wazi uache vumbi leo, kabla pumzi iliyobaki haijapungua. Wengine walioacha mapema wanalima mpaka sasa, polepole.

Unapoingia chumba cha kupimwa, usiseme tu, “Nakohoa.” Sema, “Natwanga mawe,” na useme tangu mwaka gani, kwa maji au bila maji, nje au ndani ya nyumba. Muuguzi asipouliza, mwambie hata hivyo, umngoje mpaka ameandika.